Laptop Iliyovaa Koti

Wifi yangu hawezi kuona kitu kiko uchi. Simu yake ina gauni. Redio ya jikoni ina shuka lenye marinda. Rimoti ya televisheni aliishonea mfuko wenye kifungo, na kaka yangu, ambaye ndiye mume wake, kila akitaka kubadilisha chaneli lazima aanze kwa kufungua kifungo, huku akinung'unika kwamba ameoa mwanamke ambaye siku moja atamvalisha hata yeye kava.

"Wewe sikuvishi," wifi humjibu. "Vumbi lako limeshagandia."

Mtaani wanamwita Sindano. Wengine wanadhani ni kwa sababu ya wembamba, na ni mwembamba kweli, akisimama kiubavu unaweza kumkosa. Lakini jina lilitokana na kazi. Alianza kwa mkono akiwa bado msichana, anakaa kwenye ngazi za nyumba ya mama yake akidarizi foronya, ua moja likimlia jioni nzima. Mtu akimletea kazi, alitaja bei huku anaangalia sakafu. Akipunguziwa, alikubali huku bado anaiangalia. Alipoolewa kwetu nilimwambia kwamba sakafu haijawahi kumlipa mtu. Alicheka sana, akanishika mkono, akanishukuru. Kesho yake mteja akaja, naye macho chini.

Mimi nanunua vitu ambavyo watu wamevichoka na kuwauzia ambao bado hawajavichoka. Makabati, vyerehani, viti vya vinyozi. Mashine yake ya kudarizi ilipitia kwangu. Karakana moja ya sare ilikuwa inafungwa, mwenyewe anauza kila kitu mpaka vitasa vya milango, nikaichukua mashine pamoja na laptop iliyokuwa imeunganishwa nayo. Mwenyewe alinionya nisivitenganishe. Laptop ndiyo yenye programu ya michoro: unachora nembo humo, inaipeleka kwenye waya mmoja mnene wenye meno, na mashine inashona kama inavyoambiwa, tundu kwa tundu. Moja bila nyingine ni chuma cha kuwekea maua. Nikamuuzia wifi, tena kwa faida, na asinilaumu mtu. Kitu cha bure hakitunzwi.

Yeye alikitunza. Alipata chumba cha kazi katikati ya kinyozi na mchonga funguo, akapanga koni za uzi ukutani kwa rangi, akaanza kushona nembo za timu za mpira, za kwaya, za watoto wa chekechea. Kazi yake ni safi. Geuza nembo yoyote aliyoishona uangalie mgongo wake. Mgongo ndio unaosema ukweli, na wake hauna fundo hata moja linaloning'inia.

Mwaka huu laptop ikaanza kuzimika.

Haikuwa na dalili wala onyo. Mashine iko katikati ya kushona, inakimbia vizuri, ghafla skrini inakuwa nyeusi na sindano inaganda hewani. Na mashine ile ikishapoteza tundu lake hairudi ilipoishia. Ukiiwasha upya inaanza mwanzo kabisa, kama mzee aliyekatishwa hadithi. Kwa hiyo nembo iliyokuwa nusu inabaki nusu. Sindano akaweka kapu chini ya meza la kutupia hizo nusu: tai wenye bawa moja, simba asiye na miguu ya nyuma, mpira uliokatwa kama nanasi.

Angeweza kuvumilia. Ila akaja matroni wa chuo cha wauguzi, mama mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo, akaweka mchoro mezani. Mikono miwili imeshika taa, juu ya taa ndimi za moto, chini utepe wenye maandishi. Alitaka sampuli moja ifikapo Ijumaa. Duka kubwa la sare la mjini nalo linashona ya kwake. Atakayempendeza ndiye atakayeshonea wanafunzi wote wapya, na wa mwaka unaofuata, na unaofuata.

Sindano hakulala vizuri. Alikuwa ameweka akiba ya cherehani kubwa, ili aache kushona nembo tu na aanze kushona sare zenyewe. Kwenye kazi hii, mwenye nembo anapata mchuzi na mwenye sare anapata nyama. Sasa ile akiba ilikuwa imetazamwa na macho mawili: cherehani upande huu, laptop mpya upande ule. Na haikutosha kwa vyote.

Akanipigia simu Jumatano asubuhi.

"Wifi, leo utanisindikiza. Nanunua laptop."

"Umeshaamua?"

"Ile inakufa."

"Inakufa au inaumwa?"

"Tofauti yake nini?"

"Tofauti yake ni cherehani. Usiende popote, nakuja hapo kazini."

Kabla ya kununua kipya napenda kujua cha zamani kimekosa nini. Si huruma. Ukienda dukani hujui ugonjwa, muuzaji ndiye atakayeutaja, na dawa anayo yeye.

Nilimkuta chumbani kwake na uzi mdomoni, ameshamaliza nembo moja tangu asubuhi. Chumba kile kina harufu ya mafuta ya mashine na kitambaa kipya, na kila kitu kimefunikwa na manyoya mepesi ya uzi, kama pambapamba. Ukikaa dakika chache unaondoka na wewe unayo. Laptop ilikuwa mahali pake kando ya mashine, imevaa koti lake. Ndiyo, koti. La bluu, nene, limeshonwa kwa mistari ya kukingama kama godoro la mtoto, lina ukosi, na kwenye kona ua dogo jekundu. Kilichoonekana ni vitufe na skrini tu. Nilikuwa nimeliona mara nyingi nikalicheka na kupita. Ukimzoea mtu, vituko vyake vinakuwa samani.

"Niendeshee," nikasema. "Nataka kuiona ikifa."

"Wifi, wewe una roho gani?"

"Ya kununua. Endesha."

Akafunga kitambaa kwenye fremu, akabonyeza. Mashine ikaanza. Nilivuta kiti karibu. Sijui kama umewahi kuitazama mashine ya kudarizi. Ni kama kumwangalia mtu asiyeonekana akiandika. Utepe ukatokea kwanza, halafu vidole, kimoja kimoja, mpaka kucha. Halafu chombo cha taa. Sindano akabadilisha uzi, akaweka wa machungwa kwa ajili ya moto. Sindano ya mashine ikashuka mara chache, tk tk tk, ikaweka kidoa cha moto kidogo kuliko punje ya mtama, na skrini ikawa nyeusi.

Kwa jirani kinyozi akazima mashine yake ya kunyolea, nadhani kwa heshima.

"Umeona?" Sindano akasema.

"Nimeona. Washa tena."

"Haiwaki sasa hivi. Mpaka mtu unywe chai kwanza."

"Chai inahusika nini?"

"Sijui. Nikinywa chai, inawaka."

Hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa kwa utamu. Laptop inayongoja mtu anywe chai! Nikavuta lile kapu kutoka chini ya meza, nikalimwaga sakafuni, nikapiga magoti. Katika biashara yangu mali inayorudishwa nina desturi ya kuihoji kabla ya kumhoji aliyeirudisha. Nikaanza kupanga: kubwa huku, ndogo kule. Upande wa ndogo ukabaki mtupu.

"Nembo ndogo hazimo," nikasema.

"Ndogo haizimiki. Za chekechea zote zilipita."

"Na hizi kubwa, huzimika saa ngapi?"

Akafikiri. "Asubuhi, ya kwanza haizimiki. Asubuhi ni malaika. Ni ya pili, ya tatu. Halafu nikienda kula nikirudi, inakubali moja tena bila neno."

"Basi haifi."

"Umejuaje?"

"Maiti hapati nafuu baada ya chakula cha mchana."

Kinyozi akacheka upande wa pili. Kuta za pale ni mbao. Mtaani kwetu siri ni ile uliyoifikiria tu. Lakini kucheka si kutibu. Nilijua mgonjwa anachoka na akipumzika anapona, ila sikujua anachoshwa na nini. Ijumaa ilikuwa inakuja kwa miguu yake. Nikachomoa ule waya mnene wenye meno, nikautia mkobani, nikamwambia wifi tuondoke.

Muuza laptop tuliyemwendea anaitwa Dokta, kwa sababu kila kitu kinachoingia dukani kwake anakiita mgonjwa. Duka lenyewe ni jembamba kama ushoroba. Kioo mbele, laptop zimepangwa zikiwa wazi kama vinywa vya wanakwaya, na kwenye kaunta feni ya mezani inampulizia yeye peke yake. Feni ilikuwa fupi, kwa hiyo ameiinua kwa kuiweka juu ya laptop moja kuukuu, nene kama tofali. Macho yangu yalitua pale. Huwa yanatua kwenye vitu ambavyo havina bei.

"Karibuni, karibuni mama zangu! Mgonjwa yuko wapi?"

"Mgonjwa amebaki nyumbani," nikasema. "Tumekuja kuwaona wazima."

Akatoa moja nyembamba kama sahani, ya fedha. Akaifungua, ikawaka kabla hajamaliza kusema jina lake. Sindano akapitisha kidole mgongoni mwake jinsi anavyopima satini. Wahenga walisema kipya kinyemi kingawa kidonda, na mimi nimeishi kwa kuuza vidonda, najua sura ya mtu anayekaribia kununua kimoja.

"Wifi," nikamnong'oneza. "Macho."

"Yamefanyaje?"

"Yameshalipa."

Akayashusha sakafuni, mahali anapojua.

Dokta akataja bei. Nikamwambia nimeuliza laptop moja, si duka. Akacheka, akashuka kidogo. Nikamuuliza kama hiyo ndiyo bei au bado anapasha koo. Akashuka tena, akaapa kwa mama yake. Nikamwambia mama yake tumwache apumzike. Tukaenda hivyo mpaka tukafika mahali ambapo yeye alijua hatashuka zaidi na mimi nilijua anajua. Hapo ndipo nilipotoa waya.

"Huu unaingia wapi?"

Aliigeuza ile sahani yake ya fedha kila upande, kama mtu anayetafuta sikio la samaki.

"Siku hizi hizi nyaya hazipo, mama. Lakini kuna kiunganishi, ninacho. Kinameza huu upande huu, kinatoa wa kisasa upande ule."

"Na programu ya kudarizi?"

"Inahamishwa."

"Umeshawahi kuihamisha?"

Akajikuna shavu. "Programu ni programu, mama."

"Na mkwe ni mkwe. Lakini kuna anayekuja na kuku, na kuna anayekuja na njaa. Sikiliza, Dokta. Twende nayo kazini. Ikizungumza na mashine, unalipwa hapo hapo, mkononi. Isipozungumza, unakunywa chai unarudi nayo."

Nilitegemea akatae. Muuzaji hapendi kubeba mali kuifuata hela; ndiyo maana kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini akautazama ule waya, akautazama tena, na nikaona kitu nilichokuwa nacho mimi tangu asubuhi. Alitaka kujua.

"Mashine ya kudarizi sijawahi kuiona kwa karibu," akasema, na akafunga duka.

Kule chumbani alihangaika kwelikweli. Sindano akawasha ile ya zamani, Dokta akahamisha programu, ikagoma kufunguka. Akaibembeleza kwa njia nyingine, ikafunguka, maandishi yamejikunja pembeni kama yana baridi. Akaunganisha waya na kiunganishi, akabonyeza tuma. Mashine ikakaa. Akabonyeza tena. Mashine ikamwangalia tu. Jasho likaanza kumtoka puani, na Sindano, bila kuambiwa, akamletea kitambaa cha kujifutia, chenye ua pembeni.

Mwishowe Dokta akaifunga ile laptop mpya taratibu.

"Mama zangu, nisiwadanganye. Hizi mbili hazina lugha moja. Labda kwa wiki mbili, tatu, nitafute mtu anayejua. Ila leo, hapana. Msinunue."

Nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Muuzaji anayesema "msinunue" wakati hela iko mkobani ni ndege adimu. Nikahifadhi namba yake hapo hapo.

Lakini Sindano alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono mapajani, macho sakafuni kwenye zile nembo za nusu nilizoziacha zimepangwa. Mikono ile imeshika taa isiyo na moto ilikuwa juu kabisa.

"Nitampigia matroni," akasema. "Nitamwambia siwezi. Ni bora aniache mapema kuliko anipe kazi niishie katikati."

"Ngoja kwanza," nikasema. "Dokta, wewe si daktari? Nikueleze dalili. Asubuhi, malaika. Baada ya chakula, malaika. Kazi fupi, malaika. Kazi ndefu, inazirai. Ukinywa chai, inazinduka. Ni ugonjwa gani?"

Dokta aliinua kichwa. Akanyoosha mkono kwenye laptop ya zamani aiguse, mkono ukatua kwenye koti. Akapapasa kushoto, koti. Akapapasa kulia, koti. Akainamisha kichwa akaangalia chini yake.

"Hii imevaa nini?"

"Koti," Sindano akasema.

"La nini?"

"La vumbi. Si unaona hapa manyoya yanavyoruka?"

Akaliminya kwa vidole viwili. "Na ndani kuna nini, mbona linabonyea?"

"Sponji. Mwanzoni lilikuwa kitambaa tu. Ilipoanza kuzimika nikajua vumbi linapenya, nikaongeza sponji."

"Ikawaje?"

"Ikazidi kuzimika."

"Ukafanyaje?"

Sindano akasita. "Nikaongeza sponji."

Ukutani kukagongwa. "Dada," sauti ya kinyozi ikasema, "na soksi je?"

Dokta hakucheka. Alikuwa amelifungua koti, na chini yake laptop ilikuwa ya moto kiasi kwamba aliondoa mkono kama aliyegusa sufuria. Akatuonyesha mbavu pembeni na matundu tumboni. Humo ndani, akasema, kuna kifeni kidogo. Kinavuta hewa hapa, kinatoa kule. Laptop ikipata joto sana hujizima yenyewe isiungue.

"Yaani inapumua?" Sindano akauliza. Alikuwa ameshasimama.

"Inapumua, dada. Na wewe umeiziba pua. Ikilia haipati hewa, unaiongezea blanketi."

Mimi nilikuwa nayatazama yale matundu, najiuliza ni mara ngapi nimekaa kwenye kiti kile nikanywa chai, nikalicheka lile ua jekundu. Sote tuliona koti. Hakuna aliyeliuliza linafanya kazi gani.

Dokta akatoa bisibisi ndogo mfukoni, akaipindua laptop, akafungua tumbo. Pale penye kifeni hapakuonekana kifeni. Palikuwa na kitu kama mkeka mdogo, mnene, laini. Akakiingiza kibano, akakivuta kizima kizima, akakiweka mezani chini ya taa.

Tukainama sote watatu. Hata kinyozi alikuja, ameacha mteja nusu kichwa.

Kilikuwa ni uzi. Manyoya ya uzi wa miaka, yamevutwa na kukandamizwa mpaka yakawa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka na rangi yake. Sindano akachukua sindano ya kushonea, akaanza kuyatenganisha polepole.

"Hii machungwa ni ya juzi, nilipojaribu moto wa taa. Hii njano, chekechea. Hii damu ya mzee, kwaya. Lo! Kijani hiki ni cha wale vijana wa mpira, waliobadilisha jina nikaanza upya." Akafika chini kabisa, palipokuwa na tabaka la kijivu. Akalinusa. "Hili si langu. Sijawahi kushona kijivu."

Lilikuwa la ile karakana iliyofungwa. Nilimuuzia mashine pamoja na vumbi la watu wengine, na sikujua. Ningejua ningeongeza bei. Nilisema hivyo kwa sauti, wakacheka, lakini nililitazama kwa muda. Kumbe laptop ilikuwa imeweka kumbukumbu ambayo hakuna aliyeiomba.

Dokta akapuliza, akafuta, akafunga. Sindano akafunga kitambaa kipya kwenye fremu. Safari hii laptop ilikaa uchi, juu ya vizibo vinne vya chupa ili tumbo lipate nafasi. Utepe. Vidole. Chombo. Uzi wa machungwa ukaingia, sindano ikashuka, kidoa kikawa jani, jani likawa ulimi, ulimi ukawa ndimi tatu, na mashine ikalia ule mlio wake mfupi wa kumaliza. Sindano akabonyeza tena hapo hapo, bila chai. Ikashona ya pili. Akabonyeza ya tatu.

"Basi sinunui!" akasema. "Wifi, sinunui kitu! Cherehani yangu!"

"Taratibu," nikamwambia. "Aliyepona si kijana."

Sikusema kumvunja moyo. Betri ya laptop ile ilishakufa zamani, inaishi kwa chaja tu. Bawaba moja imefungwa kwa waya. Michoro yake yote, ya miaka yote, imo humo humo na hakuna mahali pengine. Anataka kuahidi chuo kizima kazi ya mwaka juu ya mgongo wa kikongwe mmoja. Dokta akatikisa kichwa kukubali.

"Mama anasema kweli. Imepata pumzi, haijapata umri."

"Dokta," nikasema, "ile iliyobeba feni yako inaumwa nini?"

"Ipi?"

"Ile tofali."

Akafikiri. "Aa, ile! Ile ni takataka, mama. Imepasuka skrini pembeni, mwenyewe hakurudi kuichukua, miaka."

"Ina mdomo wa waya huu?"

Akautazama tena ule waya. "Za zama zile," akasema polepole, "zote zinao."

Nikajiweka sawa kitini. Bidhaa isiyo na bei, mwenyewe ameshaiita takataka mbele ya mashahidi: hakuna meza tamu kama hiyo. Nilikuwa nimeshafungua kinywa nianze chini kabisa, ndipo Sindano akanitangulia.

"Dokta, wewe dukani unavaa nini?"

"Kuvaa? Shati tu."

"Hakuna mtu anayejua kwamba wewe ni Dokta mpaka aambiwe. Niletee mashati mawili meupe. Nitakudarizi kifuani, hapa, jina lako na laptop iliyofungwa bendeji kichwani. Wewe uniletee ile tofali, uihamishie programu na michoro yangu yote, na ukija kuchukua shati la pili uisafishe na hii tena."

"Na feni yangu nitaiweka juu ya nini?"

"Juu ya bei uliyotutajia asubuhi. Ni ndefu, inatosha."

Kinyozi akapiga makofi. Lakini mimi sikuwa namwangalia kinyozi. Nilikuwa namwangalia wifi yangu, ambaye alikuwa amesema maneno yote hayo akimtazama mtu usoni. Nadhani ni kwa sababu hakuwa anataja hela. Alikuwa anataja kazi yake, na hiyo anajua thamani yake.

Dokta alikubali kabla sijapata nafasi ya kusaidia. Mimi ningempa shati moja. Lakini haikuwa bei yangu.

Jambo moja tu kuhusu ile tofali. Ilipowashwa kesho yake, kwenye skrini iliyopasuka kulikuwa na mchoro wa nyumba, vyumba vitatu, baraza, hata vitanda vimechorwa. Ila haina mlango popote. Dokta alitaka kuufuta. Sindano akamzuia, alihitaji kitu cha kujaribia kama tofali inaongea na mashine, akaufuatisha mchoro ule kwenye programu kama ulivyo, akaushona. Mashine ikatii neno kwa neno.

Ijumaa matroni alikuja na sampuli ya lile duka kubwa kwenye bahasha. Ilikuwa nzuri, nisiwe mwongo. Uzi wake unang'aa kuliko wetu. Akaziweka pamoja, akavaa miwani, akakwaruza ndimi za moto kwa ukucha, akazigeuza migongo. Alikaa kwenye migongo muda mrefu.

"Zote zinafaa," akasema. "Sasa niambie, binti. Mwaka jana tulimpa kazi mtu, kifaa chake kikaharibika katikati, nusu ya wanafunzi wakala kiapo cha uuguzi bila nembo. Kule mjini nimeuliza, wameniambia vifaa vyao haviharibiki. Cha kwako je?"

"Kitaharibika," Sindano akasema.

Niliuma ulimi nusura niumeze.

"Kikiharibika," akaendelea, akiwa anamtazama, "nachomoa waya hapa, nachomeka pale. Huyo wa pili ni pacha wake. Ngoja nikuonyeshe." Akachomoa, akachomeka kwenye tofali, akabonyeza, na mashine ikaanza nembo mpya kama mtu aliyepokezwa mtoto.

Matroni akavua miwani. Ile sampuli ya mjini akairudisha kwenye bahasha.

Cherehani imefika; ipo karibu na dirisha, na nimeshamwambia wifi nina mteja wa meza yake ya zamani. Laptop zote mbili zinafanya kazi uchi, na kila mwisho wa mwezi Sindano anazifungua kwa bisibisi yake mwenyewe kuona zimekusanya rangi gani. Koti la bluu hakulitupa. Alilipunguza, akalivalisha birika, na kaka yangu anasema hajawahi kunywa chai ya moto kama ile tangu aoe.

Na ile nyumba iko ukutani, juu ya koni za uzi. Wateja wakingoja zamu wanaitazama, wanasogea karibu, wanautafuta mlango kwa kidole kuzunguka kuta zote. Nimemshauri wifi aiwekee mlango, kwamba nyumba isiyo na mlango haiuziki. Anasema haiuzi. Basi nami nikija pale nakaa kwenye kiti kile kile, nakunywa chai, naitazama, najiuliza yule mtu alipanga kuingilia wapi.